Tumbawe la Zambarau na Saa za Kimya

Kila asubuhi Onno Behrends aliketi mbele ya tangi dogo la kioo sebuleni kwake. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi, mawe na matumbawe hai. Tumbawe kubwa kuliko yote lilikuwa la zambarau. Marehemu kaka yake alimpa likiwa kipande kidogo kama ukucha, naye akalilea hadi likawa kubwa kama ngumi mbili.

Majira ya baridi yalipoingia, Onno aliteleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Akalazwa hospitalini.

"Heinke, nitunzie tangi langu," alimwambia mkewe.

"Mimi si mtoto, Onno. Wewe tunza nyonga yako."

Chini yao aliishi Almut, mwanamke asiyevumilia kelele. Katika jengo lile zilikuwapo saa za kimya, mchana na usiku, ambapo kelele zilikatazwa, na kila mpangaji aliziheshimu. Siku moja Almut aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio, kisha akapanda ngazi.

"Bibi Behrends, dude lenu linanguruma mpaka kitandani kwangu! Mmefuga ng'ombe huku juu?"

Heinke aliona aibu. Tangu siku hiyo, kila saa ya kimya ilipofika, aliizima pampu iliyosukuma maji tangini.

Muda si mrefu matumbawe yakajikunyata. Uchafu ukatuama juu yake, na lile la zambarau likatoa ute. Heinke akaingiwa na hofu. Akaiwasha pampu kwa nguvu zote, akaielekeza moja kwa moja kwenye tumbawe hilo. Nyama yake ikabanduka, mfupa mweupe ukabaki.

Ndipo alipomwita Reemt, aliyekuwa na Onno katika chama cha wafugaji wa samaki, akamweleza yote.

"Shemeji, kwanza umelinyima pumzi, kisha umelichuna ngozi."

"Usinizungushe. Litapona?"

"Hili limekufa. Mengine tutayaokoa."

Reemt akakunja mikono ya shati.

"Tumbawe halina miguu. Haliwezi kufuata chakula wala kukimbia uchafu. Maji yanayotembea ndiyo huliletea chakula na hewa, tena usiku na mchana. Yakisimama, linakosa hewa. Yakilipiga mahali pamoja, linachanika."

Akapunguza nguvu ya pampu, akaigeuzia kioo cha upande wa pili. Mkondo ukagonga kioo, ukatawanyika.

"Sasa tazama minyiri yake, hivi vidole laini. Ikiyumba huku na huku, mkondo unatosha. Ikilala upande mmoja, umezidi. Uchafu ukituama, umepungua. Rekebisha kidogo tu, kisha ngoja siku kadhaa uone."

Mwisho akalisogeza kabati lililobeba tangi mbali na ukuta, na chini ya miguu yake akaweka vipande vya mpira. Ngurumo ikakoma.

Heinke akashuka kwa Almut. "Unasikia kitu?"

"Sisikii. Kumbe dawa ni mpira tu? Ungeniambia mna viumbe hai humo, ningevumilia."

"Hukuuliza."

"Nawe hukusema." Almut akafunga mlango.

Onno alirudi nyumbani kwa magongo. Matumbawe yaliyobaki yalikuwa yamechanua, yakiyumba taratibu. Alisimama mbele ya lile jeupe.

"Sikutaka kukusumbua hospitalini," alisema Heinke.

"Simu ilikuwa kando ya mto wangu, Heinke. Kutwa nzima nilikuwa ninaitazama."