Saini ya Bi. N

“Mteja wangu nitamwita Bi. N,” alisema Masele, akabonyeza laptopu na slaidi ikabadilika ukutani. “Si jina lake halisi. Nalinda siri yake.”

Jeska Nahimana alikuwa safu ya mbele, kwenye kiti alichowekewa na Masele mwenyewe. Ilikuwa siku ya wanafunzi wa mwaka wa tatu kuwasilisha tafiti zao za shahada ya ustawi wa jamii, hapo chuoni kwao Tabora, na mchumba wake alikuwa wa pili kusimama. Lile shati jeupe alilovaa, Jeska ndiye aliyelipiga pasi asubuhi.

“Bi. N ana miaka ishirini na mitano,” Masele aliendelea. “Familia yake ina asili ya Burundi, wakulima wa tumbaku Ulyankulu. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Kuficha aibu, baba yake akaamua mtoto alelewe kama mdogo wake. Mpaka leo, binti huyo wa miaka minane anamwita mama yake mzazi dada.”

Jeska hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka ataona ni nani anayemtazama.

“Mteja ametoa ridhaa ya maandishi?” aliuliza Madam Recheli, mhadhiri aliyeongoza jopo.

“Ndiyo, madam. Fomu ipo kwenye kiambatisho cha kwanza.”

“Na haya yote uliyapataje? Wasichana wenye siri ya namna hii huwa hawafunguki.”

Masele alitabasamu kidogo. “Nilimjengea uaminifu, madam. Ilinichukua muda.”

Jopo likatikisa vichwa kwa kuridhika. Watu wakapiga makofi. Simu ya Jeska ikatetemeka mapajani. Ilikuwa meseji ya Josepha, mwanafunzi mwenzake ambaye kwao pia ni Ulyankulu, aliyekaa safu tatu nyuma yake.

“Jeska nisamehe kama nakosea. Huyo mtoto ni Irambona wa kwenu?”

Alizima simu. Watu walipotoka kwa chai, alichukua nakala ya ripoti ya Masele mezani, akaenda kukaa nyuma ya maktaba. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa fomu ya ridhaa, na chini yake saini ya kalamu ya bluu: N, na mkia uliokunjwa. Kiambatisho cha pili kilikuwa maswali ya usaili, kumi na mawili, yamepangwa kwa namba.

Aliyajua maswali yale. Alikuwa ameyajibu yote, Jumapili moja mwezi wa pili, walipokwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kutembea. Walikaa kivulini, ubavuni mwa lile tembe, nyumba ya udongo ya enzi za misafara, akamwambia Masele kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu. Masele alimshika mkono, akamwuliza taratibu, moja baada ya jingine. Ulijisikiaje? Mama yako alisema nini? Jeska alilia, na moyoni akashukuru kwamba amepata mwanaume anayejua kusikiliza. Jumamosi ya wiki hii wazee wa Masele walikuwa watoke Sikonge kupeleka barua ya posa.

Masele alimkuta hapohapo, anachekacheka.

“Nakutafuta kila mahali. Mbona umeondoka hata hongera hujanipa?”

“Swali la nne,” Jeska alisema. “‘Unapomsikia akikuita dada, unajisikiaje?’ Uliniuliza ukiwa umenishika mkono.”

Kicheko kikamwishia. Akaketi.

“Jeska, jina lako sijalitaja popote.”

“Umetaja Ulyankulu. Umetaja tumbaku. Umetaja umri wa mtoto. Josepha ameshajua.”

“Josepha nitaongea naye.”

“Utamwambia nini?”

Masele aling'oa jani, akalikunja vidoleni.

“Fomu amesaini nani?”

“Ule ni utaratibu tu, wanataka karatasi iwepo.”

“Masele, amesaini nani?”

“Mimi.”

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Ungekataa.”

Alilisema bila hila yoyote, kama mtu anayetaja saa. Jeska akamtazama usoni, akitafuta yule mtu wa Kwihara.

“Nielewe basi,” Masele akasema. “Mteja niliyepangiwa wakati wa fildi alihama. Nilibakiwa na wiki tatu. Ningedisko, ningefukuzwa chuo, na wewe ulikuwa hapo, na kisa kama kile.”

“Nilikuwa hapo.”

“Nakupenda. Nisingekupenda, ningewasumbua wazee na safari?”

“Siku ile uliniuliza kama nani? Kama mchumba, au kama mtafiti?”

Alifikiri. “Vyote viwili.”

Jeska akafunga ripoti, akasimama. “Naenda kwa Madam Recheli.”

Sauti ya Masele ikabadilika. “Nenda. Lakini itabidi useme Bi. N ni wewe. Chuo kizima kitajua, na Ulyankulu yote itajua. Halafu nani atakuoa, wewe na mtoto uliyemkana?”

Hata yeye alishtuka alivyolisikia neno likitoka. Akanyoosha mkono. Jeska alikuwa ameshajitenga.

“Waambie wazee wasije,” alisema.

Madam Recheli alisoma fomu, kisha saini kwenye kitambulisho cha Jeska, kisha fomu tena. Akavua miwani.

“Nami nilimsifia mbele yako,” alisema. “Samahani sana, binti yangu.”

“Ripoti inaweza kufutwa, madam?”

“Inaweza. Ila kamati haipokei malalamiko yasiyo na jina. Lazima usaini wewe, na ueleze kwamba mteja ni wewe. Sitakudanganya, chuo hiki hakina kuta nene.”

“Naomba mpaka Jumatatu. Kuna mtu inabidi asikie kutoka kwangu kwanza.”

Ijumaa alipanda basi la asubuhi kwenda Ulyankulu. Mama yake alikuwa uani, anapukuchua mahindi. Baba, mzee Plasidi, alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma. Jeska alieleza yote, na mama hakuacha kupukuchua mpaka alipomaliza.

“Baba yako amekwenda kaburini na jambo hili hajalitamka,” mama alisema. “Wewe umempelekea mwanaume.”

“Nilimwambia mchumba wangu, mama.”

“Na humo kwenye kitabu chake amekuandika mchumba?”

Jeska aliokota punje zilizorukia miguuni pake.

“Mtoto usimguse,” mama akaendelea. “Nimemwogesha mimi, nimemuuguza mimi. Ni wangu.”

“Najua ni wako. Sikuja kumchukua. Lakini Josepha anajua, na mdogo wake yuko darasa moja na Irambona. Unataka aambiwe shuleni?”

Mama alimwaga punje kwenye ungo. “Basi mwambie. Mimi sitakusaidia.”

Irambona aliporudi kutoka shuleni alimkimbilia Jeska, akamkagua mkoba kutafuta biskuti. Jeska akampa. Walikaa kwenye mkeka. Chuoni alikuwa amefundishwa namna ya kumwambia mtoto habari nzito: maneno machache, ukweli, macho yaliyo usawa wake. Yote yalimtoka kichwani.

“Irambona, kuna jambo hatukukwambia. Mama hakukuzaa yeye. Nilikuzaa mimi.”

Mtoto alimtazama mama. Mama akageuzia uso ukutani.

“Nilikuwa bado nasoma,” Jeska alisema. “Baba akaona hivi ndiyo vizuri. Nilikubali. Nilikuwa naogopa.”

Irambona alikunja karatasi ya biskuti mara nne.

“Nani mwingine anajua?”

“Mwanaume aliyetaka kunioa. Na watu wa chuoni.”

“Walijua kabla yangu?”

Jeska alitamani uongo umjie. Haukuja.

“Ndiyo.”

Mtoto alitikisa kichwa, kana kwamba ameambiwa bei ya kitu, akaenda kukaa karibu na mama na kuchukua gunzi. Hakuuliza tena, wala siku ya pili yake.

Jumatatu Jeska alisaini malalamiko kwa jina lake lote. Kamati ilikaa mara mbili. Ripoti ya Masele ikafutwa, naye akasimamishwa masomo mwaka mzima, akarudi Sikonge. Darasani watu waligawanyika. Wapo waliosema mwanamke amemharibia mwenzake maisha kwa habari ambayo hata jina haikuwa nalo. Josepha aliomba radhi, ila maongezi yake yalikuwa yakikatika kila Jeska alipoingia bwenini.

Meseji ya mwisho ya Masele ilifika siku alipoondoka.

“Nimepoteza chuo na nimekupoteza wewe. Umefurahi?”

Aliisoma akiwa amesimama foleni ya chakula. Hakuwa amefurahi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimkumbuka, mikono yake, na jinsi alivyokuwa akinyamaza ili mtu aongee. Aliifuta, akasogea mbele na sahani yake.

Novemba alihitimu. Mama alisema mvua zimeanza na shamba haliwezi kuachwa, hakuja. Jeska alipata kazi ya mkataba kwenye shirika moja dogo pale mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, kusikiliza wasichana. Huwa anawasomea fomu neno kwa neno, kisha anawauliza tena kama wanataka kuendelea. Wengine hukataa, wakaenda zao, naye huwafungulia mlango.

Kila Jumapili hupiga simu nyumbani. Mama husema maneno mawili matatu ya mvua na mbolea, kisha humpa mtoto simu.

“Shikamoo,” husema Irambona.

Zamani alikuwa akisema shikamoo dada. Sasa neno dada amelitoa, na lingine hajaliweka. Jeska hungoja kidogo, simu sikioni, akisikia kuku wa kwao.

“Marahaba,” hujibu.