Keki ya Wafalme Mezani kwa Pruitt

"Korongo, ondoka hapo. Operesheni imefutwa."

Sauti ilipenya kupitia kidude kilichofichwa sikioni mwa Odile Guidry, ambaye kazini jina lake la siri lilikuwa Korongo. Ilikuwa ya Remy Hebert, mkuu wa kikosi cha siri kinachowawinda walaghai wa bima katika jimbo la Louisiana. Tena ndiye baba yake wa ubatizo.

Odile hakuondoka.

Aliegesha pikapu yake ya Ford F-150 mkabala na ofisi ya Dale Pruitt, mgeni kutoka Texas. Pruitt aliviuzia vikundi vya mafundi wa mapaa vyeti vya bima ya fidia kwa wafanyakazi. Vyeti vilimeremeta. Nyuma ya vyeti hivyo hapakuwa na bima yoyote.

Simu ilitetemeka. Alikuwa Alcide Broussard, mwajiri mdogo aliyevipa vikundi hivyo kazi tangu kimbunga kipite, akiviamini vyeti vyao. Leo mkaguzi wa bima alikuwa ameketi mezani kwake. Kila fundi asiye na bima halisi alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa Alcide, ambaye sasa alipaswa kumlipia ada ya bima, na Alcide mwenyewe akashukiwa kuwa mghushi. Bima yake ingefutwa siku hiyo hiyo. Bila bima, kampuni yake ingekufa.

"Bibie, mimi najua kupigilia misumari, sijui kughushi. Mkaguzi ananitazama kama niliyemwibia kuku."

"Mpe kahawa."

"Kahawa gani tena? Akinywa kikombe kingine atahamia hapa."

Odile alikata simu, akaichomeka bastola yake ya Glock kiunoni, akavuka barabara.

Ndani, Pruitt alikuwa akifunga masanduku. Mashine iliyochapa vyeti, ushahidi pekee wa kumwokoa Alcide, ilikuwa imeshafungwa kamba.

Nani alikuwa amemwonya?

Odile alijifanya mke wa fundi anayetafuta cheti. Kisha macho yake yakatua mezani.

Keki ya wafalme. Sukari ya zambarau, kijani na dhahabu. Msokoto wa nyuzi nne. Jemu ya tini ikichuruzika.

Mji mzima wa Lafayette hununua keki hizo madukani msimu wa kanivali. Mikono iliyosokota namna ile ilikuwa miwili tu: ya mama yake Remy. Juma lililopita Remy ndiye aliyekuta kitoto cha plastiki, kile kinachofichwa ndani ya keki hizo, katika kipande chake ofisini, na kwa desturi ilimpasa kuleta keki inayofuata. Aliwaambia wenzake kwamba mama yake ni mgonjwa, hawezi kuoka.

"Onja," Pruitt alisema. "Rafiki yangu mmoja wa hapa kaniletea. Nimeuma kidoli cha plastiki, nusura jino ling'oke. Nyinyi watu mna wazimu gani?"

Remy angeweza kumuuza binti yake wa ubatizo. Kuingia kwa mtu mikono mitupu wakati wa kanivali, hapana.

Odile aligusa kifungo cha koti. Mawimbi ya redio yakafunguka, kikosi kizima kikawa kinasikia.

"Korongo, umenisikia?" Remy aliuliza sikioni mwake.

"Nimekusikia. Mama hajambo?"



"Mama yupi?"

"Yule mgonjwa. Keki yake iko hapa kwa Pruitt."



"Odile, mwanangu, siku moja utanielewa."

"Wewe ndiye uliyenishika juu ya maji ya ubatizo."

Mkono wa Pruitt ulikimbilia droo.

Glock ilitangulia.

"Mikono juu ya keki," Odile aliamuru.

Vidole vya Pruitt vilizama katika sukari.

Kikosi kilifika na kuitwaa mashine. Nyuma ya jengo walimkuta Remy ndani ya gari lake, injini ikiunguruma, tayari kumtorosha Pruitt.

Odile alizungumza na mkaguzi kwa simu. Mkaguzi alilifuta neno mghushi, akaiacha bima isimame. Ada ya bima ya mafundi wale, hata hivyo, ilibaki juu ya Alcide.

"Nitalipa kidogo kidogo," Alcide alisema. "Kesho napanda paa."

Odile alikiokota mezani kitoto cha plastiki alichokiuma Pruitt, akakipangusa, akatoka. Remy alikuwa ameegemezwa garini, pingu mikononi. Alifungua kinywa. Odile alikitia kitoto katika kiganja chake.

"Ofisini bado wanasubiri keki, mzee."

Hakumwita baba. Alivaa miwani ya jua, akavuka barabara bila kugeuka.