Mlango wa Ngazi za Nyuma

"Mzee, siku hoteli ilipoungua, nani aliufunga mlango wa ngazi za nyuma?"

Mume wangu alikuwa anapuliza chai. Akaacha kupuliza.

"Haukufungwa na mtu. Ulikwama. Mbao zilivimba kwa moto."

Ndivyo alivyonieleza na mimi, miaka thelathini. Binti aliyeuliza alikuwa anaandika historia ya hoteli ile kubwa ya katikati ya mji, inayotimiza miaka mia. Ameshapata aliyechora ramani, lifti ya kwanza mjini, wakubwa waliolala mle. Ulibaki ukurasa wa moto, na sisi wawili tulikuwepo: mimi dobi, mume wangu fundi wa milango.

Akatoa picha ya zamani, akaiweka mezani.

"Hii ilipigwa moto ulipozimwa. Hapa nje kuna kufuli, mzee. Limefungwa."

Mume wangu akasema kichwa kinamuuma. Binti hakuwa mjinga, akaaga.

"Mama, kitabu kinakwenda kuchapwa kesho. Ukikumbuka lolote, nitumie ujumbe."

Nyuma ya mlango ule alikufa mhudumu mmoja tu. Tulimwita Trei, maana alibeba tatu kwa mpigo bila kumwaga hata tone. Alikuwa mchumba wangu, zimebaki wiki sita tufunge ndoa. Aliyenifuta machozi ni Fundi, huyu mume wangu. Mwaka uliofuata akanioa, na kifungua mimba wetu akasisitiza aitwe jina la marehemu. Nikamsifu kwa watu, mimi mwenye akili zangu.

"Kufuli ni lako?" nikamuuliza.

"Meneja aliagiza. Alisema vijiko vinaibwa kupitia pale. Nifunge saa nane, nifungue saa tisa wahudumu wakitoka zamu."

"Moto ulianza saa tisa na nusu."

"Najua."

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Unajua nilikuwa wapi, mke wangu."

Nilijua. Alikuwa kwenye chumba changu cha kufulia, ameketi juu ya mashuka, koti lake halina kifungo. Nilikishona polepole kwa sababu alikuwa ananichekesha. Mchumba wa mtu, nacheka mpaka sindano inanidondoka.

"Na ufunguo?"

"Mfukoni mwa koti."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikipakata.

"Kile kifungo kilidondoka wapi?"

"Hakikudondoka. Nilikikata mwenyewe. Nilitaka nikae na wewe kidogo."

"Kelele zilipoanza ulininyang'anya koti, ukakimbia."

"Nikafika kwenye ngazi, moshi mtupu. Nikamsikia anagonga." Akakisukuma kikombe pembeni. "Niliogopa kupanda. Kisha akaacha kugonga."

Nikalia. Nilimlilia Trei upya, na safari hii hakuwepo wa kunifuta machozi. Fundi aliinua mkono, akaurudisha mwenyewe mapajani.

Nikachukua simu, nikaandika, nikamsomea:

"Binti, mlango aliufunga mume wangu kwa amri ya meneja. Alichelewa kuufungua kwa sababu alikuwa kwangu, na ufunguo ulikuwa ndani ya koti nililolipakata mimi. Andika yote, usituonee haya."

"Watoto watasoma," akasema.

"Watasoma."

"Na huyu mwenye jina lake?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Akakitazama kikombe. Chai yake ilikuwa imeshaganda utando juu.

"Basi tuma."

Nikatuma. Nikakusanya nguo zangu, nikahamia chumba cha watoto, nikarudishia mlango. Haikupita muda akagonga. Mara tatu, taratibu.

"Haujafungwa," nikamwambia. "Sukuma."

Hakusukuma. Nilimsikia akipumua upande wa pili mpaka adhuhuri.