Kilichoruka Bandani kwa Gutama

Masika yalipochanganya, Gutama aliwafungia ng'ombe wake bandani na kuwalisha mabua ya ngano. Alipoyavuta rundoni, vumbi lilitimka, naye akapiga chafya. Jioni alijikunyata kando ya jiko, akitetemeka kwa homa na kukohoa.

"Kaka ana homa ya jembe," alicheka mdogo wake, Tolera. "Kazi ikinukia tu, kifua kinabana!"

Gutama aliinama akikohoa. Aliyeumia zaidi ni mkewe, Birqe, kwa maana pale kijijini maneno ya Tolera yalikuwa yameshaenea.

Siku moja Birqe alimkaribisha kahawa Lelise, mtafiti aliyekuja huko Arsi kuchunguza hewa, aone kama ugonjwa wa kutu ya ngano unaletwa na upepo. Birqe akamweleza yanayomsibu mumewe.

"Akilala kwa dada yake hakohoi. Akirudi tu, yale yale."

"Akirudi huanza na nini?"

"Na ng'ombe. Hao ndio wake zake wakubwa, mimi mdogo!"

Lelise alicheka, akaomba kuliona banda. Halikuwa na dirisha. Mabua yalikuwa yamerundikwa mabichi. Ndani ya rundo mlikuwa na joto, utando mweupe na harufu ya kuoza. Akaacha wazi kwa muda visahani viwili vyenye rojo ya kunasa vilivyomo hewani, kimoja bandani, kingine uani. Kisha akavifunika, akaondoka navyo.

Aliporudi baada ya siku chache, kisahani cha uani kilikuwa na madoa machache. Cha bandani kilijaa manyoya ya kijani na kijivu.

"Ala! Umeotesha paka?" Gutama alishangaa.

"Mbegu zilikuwa humu hewani, kaka. Ni ukungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ukitikisa mabua, vinaruka, unavivuta hadi mapafuni. Mapafu yanakasirika, ndiyo homa hiyo. Ukiendelea hivi kwa miaka, yatakakamaa."

"Basi hewa yote ni sumu?" aliuliza Birqe.

"La, dada. Vijidudu vingi havina ubaya. Vingine huozesha majani yakawa mbolea. Na unga wako wa mikate ya injera unachachushwa na nani? Ubaya ni kuvivuta kwa wingi, mahali palipozibwa. Twende zahanati, daktari amsikilize kifua."

Daktari alimpima, akampa dawa, akamkataza kugusa mabua yenye ukungu. Akawapa na barakoa za kuzuia vumbi. Tolera alivaa moja, akayanyunyizia mabua maji vumbi lisiruke, akayatoa yote na kuanza kuyafukia shambani.

"Nisamehe kaka," alisema, macho chini. "Nilidhani uvivu."

"Fukia kwanza, utubu baadaye," Gutama alimjibu.

Walitoboa madirisha mawili. Baada ya mavuno waliyaanika mabua juani, wakayageuza hadi yakakauka kabisa, ndipo wakayapanga juu ya uchaga wenye paa, upepo ukipita chini.

Mvua zilipoanza tena, Birqe alikuwa uani akichagua dengu. Kutoka ng'ambo ya bonde alimsikia mumewe akiwahimiza ng'ombe kwa wimbo mrefu, ubeti baada ya ubeti, bila kukatika. Akaacha dengu, akasimama kumsikiliza hadi mwisho.