Shati la Vifungo vya Kubana

Duka la vifungo lilikuwa limefurika wanunuzi siku ile fundi cherehani, gauni lake la kijani limegandwa na vipande vya uzi, alipoulizia vifungo vya kubana. Muuzaji, kijana mtanashati wa shati jeupe, akamtania kwamba fundi mzima anakimbia kazi ya kudarizi matundu ya vifungo.

"Ni vya nguo za mama," binti akajibu. "Baridi yabisi imempinda vidole."

Kijana akaona haya, akamwongezea kiganja kizima cha vifungo bure. Toka hapo simu zikawa haziishi. Huyu akiitwa Fundi Wangu, yule Bwana Vifungo, vicheko mpaka majirani wakajua.

Asubuhi moja, baada ya kushinda kutwa ya jana yake akikata sare za kwaya, binti akaamka vidole vimekakamaa.  Bibi alikuwa na ugonjwa ule, mama anao. Sasa zamu yake. Akampigia kijana, akamwambia kwa sauti kavu asimtafute tena. Kijana akadhani kapata mwingine, akanuna, mpaka mama mtu alipompigia, akibonyeza simu kwa kifundo cha kidole.

"Baba, hakuna mwanamume mwingine. Kuna woga tu. Njoo."

Wakaenda kwa daktari wote watatu. Daktari akaviminya vidole vya binti kimoja kimoja, akapima na damu. Majibu yalipotoka akasema ni uchovu wa mkasi. Ugonjwa huo kweli hutembea katika familia, akawaeleza, ila mtoto hurithi uwezekano tu, siyo ugonjwa wenyewe, na wengi hawaupati kamwe. Ukiwahiwa, dawa zipo.

"Lakini huwezi kuniapia kwamba sitaupata."

"Siwezi, binti yangu. Hilo analijua Mungu."

Nje, kwenye benchi, wakakaa wote watatu. Kijana akafungua koti. Shati lake jeupe lilikuwa na vifungo vya kubana tangu shingoni hadi kiunoni, vyote havijabanwa.

"Nimebadilisha mashati yangu yote," akasema. "Ukiupata, utanifunga. Usipoupata, utanifunga vilevile. Nataka kukuoa, Fundi Wangu."

Binti akakibonyeza cha juu, kikalia tak. Akashuka hadi cha mwisho, shati likabaki limepinda, bega moja juu.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana. Kesho niletee nilifumue. Huwezi kunioa na shati limekaa upande."

Mama akamshukuru Mungu, akicheka hadi machozi.