Nyuso Wazi Getini

Alimkanyaga. Ilikuwa saa ya kubadilishana zamu kwenye kiwanda cha kuku, watu wakisukumana getini, barakoa zimewafunika mpaka chini ya macho. Aliyekanyagwa alikuwa dada mkata mapaja ya kuku, mgeni aliyeletwa na wakala kutoka nchi nyingine. Aproni ya plastiki ilimzidi, akaibana kiunoni kwa kitambaa chekundu. Aliyemkanyaga alikuwa fundi wa mashine, mzawa, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi.

"Samahani, dada."

"Ya nini, kaka? Vidole vyenyewe sivisikii, baridi ya humu imeshavichukua."

Fundi akampenda hapohapo, hata pua hajaiona. Zikafuata simu za mpaka salio linaisha. Fundi alimwita Mamito, jina la mapenzi, naye dada alimtania kwamba anabembeleza kama mtu anayefungua kikao.

Lakini kibali cha kazi cha Mamito kilishikwa na bosi: ukifukuzwa kazini, umefukuzwa nchini. Chama kilekile kilichowahi kuandamana wageni watimuliwe, na tupo tunaokumbuka mabango yale, sasa kilikuwa kimeng'amua kwamba mgeni akibanwa, mshahara wa mzawa nao hushuka. Kikaitisha mgomo: sheria ibadilishwe, kibali kiwe cha mfanyakazi mwenyewe.

Chama kilikuwa na desturi yake: mgomoni hakuna kuficha uso. Baba yake fundi alisimama hivyo, na babu yake pia. Basi fundi akashika kipaza sauti, akawaambia watu wavue barakoa. Mamito alimtazama kwanza, kisha akavua. Wageni wenzake wakamfuata. Walinzi wa kiwanda walikuwa wanapiga picha.

Kesho yake wazawa walipewa onyo. Wageni walipandishwa gari la uhamiaji, na msimamizi akawaambia, huku akicheka, kwamba katibu wao ndiye aliyewauza.

Mamito hakupokea simu zake tena. Siku alipokubali kuonana naye walikutana mahabusu alikozuiliwa, kioo katikati, kila mmoja na mkono wa simu sikioni.

"Sikukuuza," fundi alisema. "Nilisahau kwamba uso wangu na wako haziuzwi bei moja."

"Najua. Muuzaji asingekuja amekonda hivyo."

Fundi akamwomba akubali kuolewa naye. Wakili wa chama alikuwa amemwambia kwamba akiolewa atabaki.

"Na kibali kitashikwa na nani?"

"Mimi, mumeo."

"Kwa hiyo siku ukinichoka, nafukuzwa nchini."

"Siwezi kukuchoka, mpenzi."

"Nakupenda, Katibu. Ndiyo maana sitaki uwe bosi wangu. Nitakuwa mchumba wako nikiwa kwetu, mpaka sheria ibadilike."

Akarudishwa kwao pamoja na wenzake.

Haukupita muda, kiwanda kikawaahidi wazawa nyongeza iwapo wataacha habari za vibali. Fundi alisimama ukumbini akawasihi mpaka sauti ikakauka. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono, wakaikubali nyongeza.

Alimpigia simu kumweleza.

"Na wewe ulinyoosha mkono?"

"Sikunyoosha."

"Basi bado nina mchumba," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia.