Ufa wa Nyuma ya Kitanda

Adhana ya magharibi ilimkuta Moza Kariakoo, akihangaika kutafuta duka la kumpimia saruji kidogo. Nyumbani Msimbazi, mumewe Anselmi alikuwa akiungua kwa homa ambayo vipimo vya hospitali havikuiona. Na ukutani, nyuma ya kitanda chake, palikuwa na ufa. Ulikuwa ukipumua.

Anselmi alikuwa mchimbaji wa visima vya mvuke, kule milimani kusini. "Sisi tunafuata ufa, mke wangu," alizoea kusema. "Mwamba mzima haukupi kitu. Pale ardhi ilipokatika ndipo joto linapanda." Safari hii walitoboa penye ufa ambao wenyeji huutambikia, wala hawakungoja tambiko. Alirudi na homa. Usiku uleule ukuta ukapasuka.

Moza hakutaka kujua zaidi. Alimtaka mumewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishasema, naye angeuziba hata kwa kucha.

Nje ya duka alisimama bibi mmoja, kaniki yake ikifuka mvuke.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alimsogelea. Alinuka kiberiti... na mayai viza.

"Usizibe, mwanangu," alinong'ona. "Nitapita wapi?"

Moza alitimua mbio, mfuko wa saruji kifuani, akipamia watu na meza za mitumba. Alipofika hata viatu hakuvua. Akakoroga, akasindilia.

Ufa ukanyamaza.

Anselmi akafumbua macho. Jasho likamkauka. Moza, masikini, akamkumbatia akilia kwa furaha.

Kisha akasikia...

Ssss...

Haikutoka ukutani.

Ilitoka kifuani mwa Anselmi. Mdomo wake ukaachama, mvuke ukatoka, na harufu ileile ikajaa chumba.

"Moza... zibua."

Aliurukia ukuta. Saruji aliyoikandika sasa hivi ilikuwa imeshakauka kama jiwe. Kucha zikamtoka damu. Akatwaa mchi wa kinu, akapiga kwa nguvu zake zote.

Nyuma yake Anselmi akapiga yowe.

Moza akageuka. Ukuta haukuwa na hata mkwaruzo. Kifua cha mumewe ndicho kilichobonyea.

Akiacha, mumewe anachemka. Akipiga, anavunjika.

"Zibua..."

Hakujua tena kama sauti ile ilikuwa ya mumewe au ya yule bibi. Alifumba macho, akainua mchi.